AlphaFold imetupa picha, mwendo bado tunadaiwa

Ngoja nianze na aibu yangu. Nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, nilitoa mada kwenye semina nikaonesha mnyororo wa beta wa himoglobini kama AlphaFold inavyouchora: utepe wa bluu, umejikunja vizuri, unapendeza kweli. Nikaeleza kwamba kwa mgonjwa wa selimundu, asidi amino moja tu ya mnyororo huo, ya sita, imebadilika. Dada mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono: "Kaka, mdogo wangu ana selimundu. Hapo kwenye picha ugonjwa uko wapi?"

Nikaitazama slaidi yangu. Haukuwepo. Nikababaika kidogo, muda ukaisha, tukaenda kunywa chai.

Leo nataka kulijibu lile swali, na huwezi kulijibu bila kuikosoa AlphaFold. Lakini haki kwanza. Zamani kutafuta umbo la protini moja kuliweza kumla mtafiti miaka. Mwaka 2020 programu hii ya akili mnemba iliwaacha mbali wenzake kwenye shindano la CASP14. Kanzidata yake ikafunguliwa 2021, na kufikia 2022 ilikuwa na maumbo zaidi ya milioni 200, bure kabisa, hata kwa mwanafunzi mwenye simu na bando tu. Demis Hassabis na John Jumper walipopewa nusu ya Nobeli ya Kemia 2024, mimi nilipiga makofi.

Shida yangu ni ile kauli iliyozoeleka baadaye, kwamba tatizo la protini limekwisha. Limekwisha lipi?

Turudi kwenye damu. Himoglobini nzima ina minyororo minne, na haitulii. Ikiwa na oksijeni inakaa kwa umbo moja. Ikishaiachia oksijeni, nusu yake moja inajizungusha kama nyuzi 15 dhidi ya nusu nyingine, na unapata umbo la pili. Kwenye selimundu, asidi ya glutamiki inayopenda maji imeondoka, na mahali pake imekaa valini inayoyakimbia. Katika lile umbo la pili, valini hiyo inapata kishimo cha kujichomeka kwenye himoglobini ya jirani. Jirani naye anashika mwingine, nyuzi ndefu zinajengeka, na chembe nyekundu inapinda kama mundu. Oksijeni ikirudi, umbo linabadilika na mshiko unalegea.

Umeona? Ugonjwa uko kwenye kubadilika umbo. Ukitazama mnyororo mmoja ulioganda, huwezi kuuona hata ukiwa na macho ya mwewe. Na waliotengeneza AlphaFold wanakiri wazi kwamba haijathibitishwa kwa kazi ya kutabiri athari za mabadiliko ya asidi amino. Imejifunza kutoka kwenye maumbo yaliyokusanywa na maabara tangu 1971, mengi yakiwa ya protini zilizogandishwa kuwa fuwele. Ukimfundisha mtoto mpira kwa picha za magazeti, atawajua wachezaji wote ila hatajua mpira unavyochezwa.

Njia ya kuuona mwendo ipo, na ni kongwe kuliko mimi. Mwaka 1977 McCammon, Gelin na Karplus waliiga kwenye kompyuta mwendo wa protini ndogo ya asidi amino 58, kwa chini ya pikosekunde 10. Mwaka 2010 kompyuta maalumu iitwayo Anton iliifuatilia protini hiyo hiyo kwa milisekunde nzima. Lakini gharama yake, mwenzangu! Kompyuta hupiga hatua za kama femtosekunde 2 kila moja. Kugeuka kwa himoglobini huchukua makumi ya maikrosekunde, na maikrosekunde 20 tu ni hatua bilioni 10. Ndiyo maana wengi wetu tunaishia kwenye picha. Inapatikana kwa dakika moja, na kwenye slaidi inavutia.

Wala sisemi mwendo ndio jibu la mwisho. Dawa ya voxelotor ilibuniwa kuishikilia himoglobini kwenye umbo lenye oksijeni, hoja safi kabisa kimolekuli. Ikaidhinishwa Marekani 2019. Mwaka 2024 Pfizer ikaiondoa sokoni duniani kote, kwa kuwa takwimu za wagonjwa zilionesha faida yake haizidi tena hatari. Kama hata kuujua mwendo hakukutosha, picha moja itatosha vipi?

Kwa hiyo ukifungua kanzidata ile, itumie, lakini ihoji. Protini hii hufanya kazi peke yake au na wenzake? Ina maumbo mangapi, na nini huigeuza? Na ile mikia ya rangi ya chungwa usiifute ili picha ipendeze. Rangi hiyo ina maana programu haina uhakika, na mara nyingi ni sehemu ambazo hazina umbo moja la kudumu.

Slaidi yangu nimeibadilisha. Sasa ina maumbo mawili bega kwa bega, yenye oksijeni na isiyo nayo, na mshale mwekundu kwenye valini. Haipendezi kama ile ya kwanza. Ila yule dada akiniuliza tena, nina mahali pa kuonesha kidole.