Ufunguo Uko kwa Nani?

Katika hotuba yake ya mwaka 1983, Mmarekani Ken Thompson alionyesha kwamba programu inayotafsiri programu nyingine inaweza kupenyeza mlango wa siri, na msomaji wa maandishi yote asiuone. Tunakubaliana naye. Lakini aliposema kwamba huenda la muhimu zaidi ni kuwaamini watunzi wa programu, aliliacha swali la umiliki.

Mwaka 1970 majasusi wa Marekani na Ujerumani Magharibi walinunua kwa siri Crypto AG ya Uswisi, iliyoziuzia serikali nyingi mashine za mawasiliano ya siri. Mashine zilichezewa, barua za mataifa zikasomwa. Hayo yalifichuliwa mwaka 2020. Wafanyakazi wengi wa kampuni hiyo, ndugu wasomaji, hawakumjua mwajiri wao.