Jibu la dawa lililoiva: namna ya kumpima mwanafunzi wa famasi

Ukimsimamia mwanafunzi wa famasi katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ile ya Mkoa wa Iringa, usikimbilie jibu lake. Sikiliza kwanza anavyouliza.

Simu inalia kutoka wodini: muuguzi anataka dozi ya dolutegravir, dawa ya VVU, kwa mgonjwa mwenye kifua kikuu pia. Hili si swali la nadra. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta VVU kwa zaidi ya asilimia 11 ya watu wazima Iringa na zaidi ya 9 Mbeya, ilhali taifa zima lilikuwa karibu 5. Mwanafunzi asiyeiva hujibu palepale: miligramu 50 mara moja kwa siku. Ndivyo alivyokariri. Mwenzake huanza hivi: "Samahani sista, ameshaanza rifampisini? Ana umri na uzito gani? Anatumia dawa nyingine yoyote, hata za kienyeji?"

Akishajua kwamba ni mtu mzima aliye kwenye rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hutaja miligramu 50 mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, na sababu yake: rifampisini huchochea ini kuiondoa dolutegravir haraka. Kwa mgonjwa wa TLD, kidonge cha pamoja chenye dolutegravir ndani yake, kinachoongezwa ni kidonge cha dolutegravir peke yake, si TLD ya pili. Nyongeza hiyo huendelea wiki mbili baada ya rifampisini kwisha, kwa kuwa ini halitulii siku hiyohiyo. Hapa ndipo ninapopima kwa ukali, maana dozi sahihi isiyo na muda wa kukoma ni nusu ya jibu.

Alama za juu kabisa nampa anayegusa lisiloulizwa. Mgonjwa ni mwanamke mwenye kijiti cha uzazi wa mpango? Rifampisini hukidhoofisha, naye anaweza kushika mimba bila kutarajia.

Chanzo nacho kikaguliwe: Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, toleo la mwaka gani? "Nimeona mtandaoni" haitoshi. Anayesema "nathibitisha, nitakupigia kabla ya dozi ya jioni", kisha akapiga kweli, namthamini kuliko mwepesi wa kujibu.

Mwisho fungua daftari la maswali. Swali, jibu, chanzo na saa viwe vimeandikwa kiasi kwamba mfamasia wa zamu ya usiku anaweza kuendelea bila kumwamsha mtu.