Nathari ya Sheikh Al-Amin Mazrui na Dola Iliyobaki Jina

Bara ilipofanywa koloni mwaka 1920, Mombasa na mwambao zilibaki milki ya Sultani wa Unguja kwa jina tu. Mwingereza ndiye aliyetawala. Makala za Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui katika Sahifa, gazeti alilolianzisha 1930, ambazo baadhi yake zilikusanywa katika Uwongozi (1944), zastahili kusomwa katika muktadha huo. Uhakiki uliozoea kuutafuta ufasaha wa Mombasa katika ushairi huelekea kuziona kuwa mawaidha tu. Ni mawaidha, naam. Lakini lawama zake humwangukia msomaji kabla ya mtawala, na hapo ndipo nathari inapopata makali. Tatizo ni ile “sisi” yake: mara Waislamu, mara Waarabu, mara watu wa pwani, ilhali sheria za kodi zilikwisha kuwatenga Waarabu na “wenyeji”.