Mkulungwa, Liwali na Dola: Kitabu cha Liebenow Juu ya Wamakonde

Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kilitoa kitabu cha J. Gus Liebenow juu ya utawala wa kikoloni na maendeleo ya siasa Tanzania, mfano wake ukiwa ni Wamakonde. Wataalamu wengi wa elimu ya siasa huketi miji mikuu wakaandika habari za marais na mabunge. Huyu alipanda Newala, na kwa hilo anastahili shukurani.

Wajerumani walitawala kwa maakida na majumbe. Waingereza nao, Gavana Donald Cameron alipofika mwaka 1925, wakataka kutawala kupitia wakubwa wa asili; lakini uwandani hapakuwa na sultani. Wakashikwa wakulungwa, kisha wakaonekana hawatoshi, wakawekwa maliwali. Wenyewe hawakuulizwa. Hii ndiyo sehemu bora ya kitabu.

Ila hilo neno "maendeleo" lina mtego wake. Msomaji aweza kudhani kuwa wasio na sultani hawakuwa na utawala. Mkulungwa alikuwa akiamua ugomvi na kumpa mgeni ardhi, na aliyemchoka alihama akafyeka pori kwingine. Huo ni utawala, tena wenye mlango wa kutokea! Masasi mambo yalikuwa mbali: Wayao walikuwa na wakubwa mashuhuri kama Nakaam, na misheni ya Kiingereza ilikuwapo tangu 1876, basi serikali ilipata wa kusema naye. Mlinganisho huo wastahili kitabu kizima.

Ama maji, mimi naona dola hupimwa hapo kabla ya kura na chama. Mchanga wa uwanda hunywa mvua yote. Wanawake waliteremka mabondeni wakapanda na mitungi kichwani, hata ulipoanzishwa mradi wa kusukuma maji kwa mashine miaka ya 1950.

Kitabu kilitoka kabla ya mtihani mkubwa. Katika operesheni ya vijiji miaka ya 1970 wengi walihamishwa mbali na mikorosho yao. Korosho za nchi, zilizopita tani 140,000 msimu wa 1973/74, hazikufika 20,000 mwaka 1986/87. Bei duni na ubwiri unga vina sehemu yao, lakini aliyeondolewa shambani hapalilii. Mgeni alibadilisha wakubwa, serikali yetu ikabadilisha makao, na sauti ya amri ilikuwa moja. Anayetaka kujua sauti hiyo ilianzia wapi, na azisome kurasa za Liebenow juu ya maliwali.