Mlango Mmoja wa Bab al-Hawa

Kati ya mataifa matano makubwa, kila moja laweza kuvunja shauri la Baraza la Usalama kwa neno moja: veto. Kanuni hiyo sisi twailaumu. Tutazame Siria. Mwaka 2014 Baraza liliruhusu misaada iingie kwa milango minne ya mpaka, bila kungoja idhini ya Damasko. Kwa veto za Urusi na China, mwaka 2020 ukabaki mmoja tu, Bab al-Hawa. Tarehe 11 Julai 2023 mataifa 13 kati ya 15 yalitaka uendelee, Urusi ikakataa. (Marekani nayo, Desemba ile, ilizuia vivyo hivyo shauri la kusimamisha vita Gaza.) Baadaye malori yalipita kwa idhini ya Damasko, serikali ileile iliyowatupia mabomu hao waliongoja unga.