Blanketi Kabla ya Sindano

Kijana mwenye limfoma ya Hodgkin anapopigwa picha ya PET, daktari hukagua kwanza shingo na kifua, kwa kuwa ugonjwa huu hupenda kuvamia tezi za limfu za huko. Kwa bahati mbaya, huko huko ndiko yaliko mafuta ya kahawia, nayo ni hodari wa kujifanya saratani.

PET hutumia FDG, aina ya sukari iliyobebeshwa florini-18 yenye mnururisho. Seli za saratani zina uroho wa sukari, jambo alilolibaini Otto Warburg kule Ujerumani miaka ya 1920, kwa hiyo hung'aa pichani. Lakini mafuta ya kahawia nayo huila sukari hiyo mwili unapohisi baridi, ili kuzalisha joto. Watoto na vijana wanayo mengi kuliko wazee. Basi shingo hung'aa pande zote mbili, na tezi yenye ugonjwa inaweza kujificha humo. Mashine haijakosea hapo: imeonyesha sukari ilikokwenda.

Kuunganisha PET na CT, picha inayoonyesha maumbo ya ndani ya mwili, kulisaidia. Mwaka 2002 watafiti wa Zurich walionyesha kwamba baadhi ya mng'ao huo ulitoka kwenye mafuta, si kwenye tezi. Hata hivyo, mtoto akigeuza shingo kidogo tu, picha hizo mbili hazilingani tena.

Ufumbuzi ninaouona bora ni wa bei nafuu: kumpasha mgonjwa joto. Ila wakati ndio kila kitu. FDG ikishaingia ndani ya seli hubadilishwa na kimeng'enya, ikanasa humo. Haisagwi zaidi wala haitoki kwa urahisi. Blanketi linaloletwa mgonjwa akiwa tayari mezani limechelewa. Joto lianze kama nusu saa kabla ya sindano, katika chumba cha nyuzi 24 hivi, na liendelee ile saa nzima ya kusubiri. (Hospitali ngapi huwasha AC kali katika chumba hicho hicho!)

Wengine huongeza propranololi, dawa ya moyo inayozuia amri ya neva kufika kwenye mafuta hayo. Inafanya kazi, lakini mwenye pumu haimfai, ndiyo maana naiweka nyuma ya blanketi. Chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo siku moja kabla nacho husaidia. Lakini si kila mng'ao ni wa mafuta: tezi ya thaimasi ya kifuani, ambayo huweza kuvimba na kung'aa baada ya kemotherapi, haitulizwi na joto. Hapo ni jicho la daktari tu.

Nairobi ina mashine za PET, na Julai yake ni ya baridi. Mzazi, mvishe mwanao sweta tangu nyumbani, sema kama ana pumu, na uombe blanketi kabla ya sindano. Kurudia kipimo ni kumpa mtoto mnururisho mara ya pili.