Kiingereza cha Nani Kifundishwe?

Mabishano juu ya Kiingereza kipi kifundishwe kwa wageni wa lugha hiyo yalipamba moto mwaka 1990, Randolph Quirk wa Uingereza aliposhikilia kwamba mwanafunzi astahili kupewa lugha sanifu ya wenyewe, na kumpa pungufu ya hiyo ni kumpunja. Mwaka 1991 Braj Kachru, mzaliwa wa Kashmir, alimjibu kwamba Kiingereza kimekwisha kuwa na wenyewe wengi, na cha Mhindi au cha Mnaijeria si makosa ya Mwingereza aliyeigwa vibaya. Wote wawili walikuwa mafundi wa hoja. Lakini mwalimu mwenye chaki mkononi hakupata jibu la swali lake, yaani kesho asubuhi afundishe nini.

Jibu lililo karibu zaidi na chaki lilitolewa na Jennifer Jenkins katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya matamshi ya Kiingereza cha kimataifa. Hakuuliza lafudhi ipi ni nzuri. Aliuliza makosa gani huwazuia wageni wawili wasielewane wanapozungumza Kiingereza pasipo mwenyewe kati yao. Kwa kipimo hicho akasamehe sauti mbili za "th", akashikilia urefu wa irabu, irabu ya neno "bird", na mpumuo wa p, t na k mwanzoni mwa neno. Herufi r itamkwe popote ilipoandikwa, kama wafanyavyo Wamarekani wengi. Lakini t iliyo kati ya irabu iwe ya Kiingereza cha Uingereza. Ni nguo ya viraka, nayo yavalika.

Yafaa hata hivyo kuipima kwa mwili wa msemaji wa Kiswahili. Sauti zilizosamehewa, msemaji wa Kiswahili fasaha anazo tangu utotoni katika thelathini na dhahabu. Msamaha huo wawafaa zaidi wale wa bara wasemao selasini na zahabu. Mpumuo nao Mmvita anao: kwa pumzi tu hupambanua paa wa mwituni na paa la nyumba, ingawa Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, hakikuipa tofauti hiyo herufi. Hata konsonanti zinazofuatana mwanzoni mwa neno hazimsumbui, kwa kuwa Jenkins akataza kuzipunguza, wala hakatazi kuzitenga kwa irabu. Na ndivyo "club" ilivyopata kuwa kilabu.

Mzigo wote, basi, waangukia irabu. Kiswahili kina irabu tano, na urefu wake haufuati desturi ya Kiingereza. Kwa hiyo "ship" na "sheep" huwa neno moja, na meli iliyotia nanga bandarini yaweza kusikika kuwa kondoo. Irabu ya "bird" haina kao kabisa: katika "shirt" iligeuka a, tukapata shati, katika "nurse" iligeuka e, tukapata nesi. Mwalimu wa Tanga anayetumia vipindi vyake kuwafundisha watoto "th" apoteza saa kwa jambo wanalolijua, na watoto hao hao watasomeshwa fizikia kwa Kiingereza katika shule ya sekondari.

Hivyo orodha ya Jenkins ni ya kweli kwa jumla na ya kupotosha ikishikwa kama sheria ya kila darasa. Bora kuliko orodha ni shauri lake jingine, kwamba mwanafunzi azoezwe kurekebisha matamshi yake kwa kumwangalia anayemsikiliza. Lakini lipo swali ambalo kitabu hakilimalizi. Irabu irefushwe kwa kipimo cha nani? Ikiwa ni kwa kipimo cha "sheep" isemwavyo London au Chicago, Quirk aliyetolewa kwa mlango wa mbele amerudi kwa mlango wa uani. Na ikiwa ni kwa kipimo cha Lagos au Delhi, vitabu vya kumwongoza mwalimu wa Tanga kwa kipimo hicho ni haba.